Kuchana mbao kwa bendiso nyumbani: angalia unga unavyotoka

Watu wakija kwenye kibanda changu cha useremala hapa nyuma ya nyumba, Moshi, wakaona ubao wa inchi mbili umechanwa katikati ukatoa mbao mbili nyembamba zilizonyooka na maua yake yanatazamana, swali la kwanza huwa ni hiyo mashine umenunua bei gani. Naelewa kwanini wanauliza, ila mimi kwa muda wote huu wa kuchana mbao nyumbani nimefika mahali naamini mashine inachangia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Bendiso ya kawaida tu ya inchi 14, tena mtumba, inachana ubao mpana vizuri kabisa ilimradi unga wa mbao unapata njia ya kutoka. Karibu kila tatizo nililowahi kukutana nalo kwenye kuchana, ukilifuatilia mpaka mwisho unakuta unga ulikosa pa kwenda.

Kwa ambaye haijui, bendiso ni ile mashine ambayo bledi yake ni mkanda wa chuma ulioungwa ukawa duara, unazunguka kwenye magurudumu mawili, moja juu na moja chini. Hata kama hujawahi kuingia karakana ya mbao umeshaiona, maana bucha nyingi za mjini wanakatia mifupa kwa mashine ya aina hiyohiyo. Zile inchi 14 ni kipenyo cha gurudumu. Kimo cha kuchana kwa nyingi za saizi hiyo ni inchi 6, ukiweka kile kipande cha kuinua shingo ya mashine unafika inchi 12, ila hapo na bledi lazima irefuke, kutoka inchi 93 na nusu kwenda 105.

Sasa kwanini ujisumbue kuchana wakati mbao zinauzwa zimeshapasuliwa? Kwasababu mbao ngumu kwetu zinauzwa nene. Ukienda kutafuta mninga au mkongo utapewa mbili kwa sita, mbili kwa nane, au moja kwa nane, na wewe unataka mbavu za droo za milimita 12, au paneli za mlango wa kabati, au kisanduku kidogo. Mafundi wengi wanachukua ubao wa inchi moja wanauranda mpaka ufike milimita 12, yani nusu ya mti inabaki sakafuni kama maranda. Mninga huo jamani, mti wa miombo ya Tabora na kwingineko uliochukua miaka mingi sana kufikia unene wa kupasuliwa, nusu yake inaenda kutandikiwa kuku. Hiyo kitu inaniuma kweli na ndo ilinifanya nianze kuhangaika na bendiso.

Angalia hesabu. Ubao wa milimita 50 ukiuchana kwa bendiso unapoteza milimita moja, sanasana moja na nusu, unabaki na mbao mbili za milimita 24 kila moja, ukiranda unapata 20 safi. Msumeno wa mviringo wa mezani unakula milimita 3, na bledi yake ya inchi 10 inapanda kama inchi 3 tu juu ya meza, kwaiyo ubao mpana inabidi uugeuze ukate upande wa pili na katikati panabaki kidaraja. Chenso ndo usiseme, ile inakula karibu sentimita nzima kila mkato, na mbao nyingi zinazotoka mashambani zinachanwa kwa chenso.

Mti ulionifundisha zaidi ni mgrevilea. Kwa wasio wa huku, huu ni mti uliotoka Australia ukapandwa kwenye mashamba ya kahawa kwa ajili ya kivuli, na huku Kilimanjaro mpaka saivi upo kila kihamba, yani shamba la nyumbani la Wachaga. Watu wanauona ni mti wa kuni na wa mbao za kujengea tu, fenicha ya bei rahisi. Lakini mgrevilea una siri, una mishipa mipana inayotoka kwenye kiini cha gogo kwenda kwenye gome, na ukichana ubao ambao uso wake unafuata uelekeo huohuo, kiini kwenda gome, ile mishipa inajitokeza usoni kama madoa mekundu ya kung'aa yaliyopangana ubao mzima. Ukichana kwa uelekeo mwingine unapata mbao ya kawaida tu yenye vistari vifupi, gogo lilelile. Kwaiyo kabla sijachana mgrevilea huwa naangalia kichwa cha ubao kwanza, naangalia pete za mti zimesimama au zimelala. Zikiwa zimesimama wima kuelekea uso mpana, hapo najua kuna kitu ndani. Zikiwa zimelala, huo naupeleka kwenye kazi nyingine.

Aliyenifungua macho kuhusu unga ni mzee mmoja fundi wa hapa mtaani, alifanya kazi ya kupasua mbao miaka mingi kabla hajastaafu. Alikuja kuomba kipande cha mkongo cha mpini wa jembe, akanikuta nachana, nikamsalimia "shikamoo mzee", akaitikia marahaba na palepale akainama akachota unga chini ya meza ya mashine, akausugua kwenye kidole gumba. Akaniambia, "Mwanangu, bledi hii inasugua, haikati. Unga wa bledi nzima unatoka kama chenga za mahindi, huu ni sembe." Alikuwa sahihi. Toka siku hiyo mkono wangu unaenda kwenye unga kabla haujaenda kwenye rula. Chenga maana yake kila jino linang'oa kipande chake na kukibeba, sembe maana yake meno ni butu, au ni mengi mno, au nasukuma taratibu mno mpaka meno yanapitapita juu ya mti bila kuuma.

Ntaeleza kinachotokea ndani ya mbao maana ukishakielewa mengine yote yanajipanga yenyewe. Bledi ya bendiso ya inchi 14 inaenda kasi ya kama mita 15 kwa sekunde. Jino linaingia juu ya ubao, linakwangua, na huo unga haliwezi kuutupa popote mpaka litokee upande wa chini, kwaiyo ubao ukiwa na kimo cha inchi 8 jino linabeba unga wake safari nzima ya inchi 8, umehifadhiwa kwenye kale kabonde kaliko mbele ya jino, mi nakaita koo. Na unga ukishakwanguliwa unafura, unataka nafasi kubwa kuliko mti ulivyokuwa mzima. Koo likijaa kabla ya kufika chini, unga wa ziada unajipenyeza pembeni kati ya bledi na mti, bledi inabanwa, inapata moto, na chuma chenyewe unene wake ni kama milimita 0.6 tu, kwaiyo kinatafuta njia rahisi, kinapinda humohumo katikati ya ubao wakati wewe juu unaona kiko kwenye mstari. Unamaliza kuchana umefurahi, unatenganisha vipande, kimoja kina tumbo na kingine kina bonde. Watu wakiona hivo wanalaumu fensi, ile pau ya mezani ambayo ubao unaegemea ukisukumwa, wanalaumu mashine, wanaenda kutafuta mashine kubwa zaidi, wakati koo la jino lilijaa tu.

Ndo maana kwa kuchana naweka bledi ya meno 3 kwa inchi, upana nusu inchi. Meno 3 yanaonekana machache, mtu akizoea bledi ya meno 10 ya kukatia mikunjo ataona hii itararua mti, lakini yale machache ndo yana koo kubwa. Ukiwa na ubao wa inchi 8 bado meno 24 yako ndani ya mti kwa wakati mmoja, yanatosha kabisa. Bledi ya meno mengi naitumia kwenye mbao nyembamba na mikunjo, siiweki kwenye kuchana hata kama ni mpya kutoka dukani. Na upana pia usidanganyike, kuna vitabu vya mashine vinasema mashine ya inchi 14 inabeba bledi ya robo tatu inchi, kuibeba inaibeba ila fremu na springi vya mashine ndogo havina nguvu ya kuikaza inavyotakiwa, na bledi pana iliyolegea inachana vibaya kuliko nyembamba iliyokazwa. Nusu inchi kwa mashine hizi naona ndo penyewe.

Bledi nyingi huku tunaungiwa, duka linakuwa na roli, unataja urefu, wanakata na kuunga kwa mashine ya umeme. Hapo kwenye kiungo pana mambo. Niliwahi kuuziwa bledi mjini ambayo kiungo chake kilikuwa kimepishana kidogo, huwezi kukiona kwa macho haraka, ila mashine ikiwaka unasikia tik tik tik kila mzunguko na ubao unatoka na mistari iliyopangana sawasawa. Saivi nikipewa bledi napitisha kucha kwenye mgongo wake pale kwenye kiungo, pale mbele ya muuzaji, kisha naiweka juu ya kitu kilichonyooka nione mgongo umelala wote. Kucha ikikwama namrudishia, anasaga upya au anaunga tena, hamna ugomvi. Na ujue kiungo hiki kimesumbua dunia nzima, William Newberry alipata hataza, yani haki ya uvumbuzi, ya wazo la bendiso Uingereza mwaka 1809 lakini mashine ikakaa miaka mingi bila kufanya kazi ya maana kwasababu bledi zilikuwa zinakatika kwenye maungio, mpaka Mfaransa mmoja, mwanamke, Anne Paulin Crépin, alipopata njia ya kuunga mwaka 1846 na haki ya kuitumia akaiuza kwa kampuni ya Perin ya Paris. Kwaiyo unapopitisha kucha pale unakagua kitu kilichochelewesha mashine hii karibu miaka 40.

Kukaza bledi. Kile kipimo kilichochorwa kwenye springi ya mashine sikiamini sana, springi inazeeka, inachoka, mistari inabaki palepale. Ninachofanya, napandisha kile kinga cha juu, kinachofunika bledi na kubeba beringi za kuiongoza, mpaka inchi 6 hivi kutoka mezani, narudisha nyuma beringi zote za kuongozea zisiguse bledi, alafu nasukuma bledi kwa kidole pembeni, katikati ya hiyo nafasi, nguvu ya kawaida. Ikisogea kama robo inchi ikagoma hapo, inatosha. Ikiendelea kwenda bado imelegea. Na jioni nikimaliza kazi nalegeza, kila siku, maana ukiiacha imekazwa wiki nzima tairi za mpira za magurudumu zinapata kibonyeo na springi inazidi kuchoka.

Alafu bledi ikae wapi kwenye gurudumu. Lile tairi la mpira kwenye mashine nyingi hizi lina mgongo, limenyanyuka kidogo katikati. Kuna seremala wa Marekani anaitwa Alex Snodgrass amezunguka sana kuonyesha watu jambo hili, weka koo la jino katikati kabisa ya mgongo wa gurudumu la juu na bledi itaelekea mbele iliponyooka badala ya kwenda pembeni. Nilipoanza kuipanga hivo, ule ugonjwa wa mashine kuvuta ubao kushoto au kulia ulipungua sana. Usipokwisha, piga mstari ulionyooka kwenye kipande cha mbao chakavu, kata kwa mkono bila fensi ukifuata mstari, fika katikati zima mashine ukiwa hujasogeza kipande, utaona kipande kimekaa kwa pembe flani. Hiyo pembe chora mezani, ndo pembe ambayo bledi hii inapenda, fensi uifunge kwa pembe hiyo. Ukibadilisha bledi pima tena, kila bledi na yake.

Beringi za pembeni nazikaribisha mpaka ibaki nafasi ya karatasi moja ya daftari kila upande, na ziwe nyuma ya koo la jino, zikigusa meno zinayalaza na bledi imekufa siku hiyohiyo. Beringi ya nyuma isiguse mgongo wa bledi mpaka unapoanza kusukuma mbao. Na kile kinga cha juu kishushwe mpaka karibu kabisa na ubao, kibaki kama robo inchi, kwanza bledi haiyumbi, pili vidole vinabaki nje.

Ubao wenyewe nao lazima uandaliwe, na hapa ndo naona wengi wana haraka. Uso mmoja unaolala kwenye fensi uwe umerandwa ukanyooka, na ubavu unaolala mezani uwe umenyooka na uko skwea na huo uso, yani pembe mraba. Ubao unaoyumbayumba mezani hata bledi ya kabaidi, ile yenye meno magumu kuliko zote, haitauokoa. Fensi iliyokuja na mashine kwa kawaida ni fupi kwa kimo, inashika inchi 3 hivi za chini na juu ubao unalegea, kwaiyo nimejitengenezea ya mbao, vipande viwili vya plaiwudi vya milimita 18 vimegandishwa pamoja, kimo inchi 7, nyuma nimeweka pembetatu mbili za kuisimamisha, naifunga na klampu kwenye meza. Naihakikisha kwa skwea dhidi ya bledi yenyewe, maana meza inaweza kuwa imelala kidogo bila wewe kujua.

Kusukuma sasa. Kwa kweli hapa maneno ni magumu kidogo, ni mkono na sikio. Mashine ikiwa inakata vizuri inatoa sauti moja nzito isiyobadilika. Ukizidisha nguvu sauti inashuka, inaguna, hapo koo zimejaa, punguza. Ukipunguza mno inaanza kupiga kama filimbi, hapo meno yanasugua na bledi inapata moto, ongeza kidogo. Mninga nausukuma kwa wepesi, ni mti mpole kwenye msumeno, mkongo ni mzito zaidi unataka subira. Paini la Mafinga lina utomvu, unga wake unaganda kwenye bledi, koo zinapungua ukubwa bila wewe kujua, kwaiyo kila baada ya mbao kadhaa nazima, natoa plagi ukutani, nasugua bledi kwa mswaki uliochovywa mafuta ya taa. Mbao mbichi ndo mbaya zaidi, unga wake ni mzito na wenye nyuzinyuzi unang'ang'ania, kwa hiyo hapo spidi ya mkono iwe nusu.

Na umeme uangalie. Huku kwetu jioni watu wakiwasha pasi na majiko umeme unashuka, mota ya hosipawa moja na nusu inakosa nguvu katikati ya ubao wa inchi 8, bledi inapunguza mwendo wakati wewe bado unasukuma kwa kasi ileile. Mbao pana nachana asubuhi. Na ekstensheni iwe ya waya mnene na fupi, ule waya mwembamba mweupe wa kuchajia simu usiuweke kwenye mota, unapata moto na mota inaungua.

Inchi za mwisho za ubao ndo za hatari. Bendiso hairushi mbao nyuma kuja kwako kama msumeno wa mviringo kwasababu bledi inavuta kwenda chini mezani, na hilo linawafanya watu wazoee na kulegea, wanasukuma na kidole gumba kikiwa nyuma ya ubao kwenye mstari uleule wa bledi. Ubao ukiisha bledi inatokea ghafla. Nasukuma kwa kipande cha mbao, au mtoto wangu mkubwa anakaa upande wa pili anavuta taratibu, na yeye nimemfundisha asivute kwa nguvu kunizidi. Glovu hapana, glovu ikishikwa inaondoka na mkono. Bledi ikikatika inapiga kishindo kikubwa, mtu anashtuka anataka kufungua mlango wa mashine palepale, subiri, bonyeza switi, rudi nyuma, gurudumu la chini bado linazunguka.

Umeshachana, umepata mbao mbili safi, mkono unawasha kuziranda na kuziunga leo hii. Ziache. Ubao ukikauka unaanzia nje, ndani kunabaki na maji zaidi hata kama ulikaa stoo muda mrefu, na wewe umeufungua katikati, kwaiyo uso mpya ni mbichi kidogo kuliko uso wa zamani, na ule uso mpya ukianza kukauka unasinyaa na ubao unajikunja kuelekea huko. Mbao zilizokaushwa kwa haraka kwenye tanuru zina shida nyingine, zinakuwa zimebana ndani zenyewe kwa zenyewe. Kuna jaribio rahisi, kata kipande cha kichwa cha ubao, unene wa sentimita 2 hivi, kitobolee katikati kwa msumeno kibaki na vidole viwili virefu kwenye kingo, ukiona vile vidole vinainamiana ndani ujue ubao huo una mkazo na ukiuchana utajikunja tu. Mkaratusi nao una mkazo wa asili, wakati mwingine unauchana na mkato unajifunga nyuma ya bledi mpaka inabidi uchomeke kabari. Mimi nachana nene kwa milimita 3 zaidi ya ninachohitaji, napanga mbao kwa vijiti katikati hewa ipite pande zote, juu naweka matofali, kivulini, nazisahau wiki mbili tatu au zaidi, ndo naziranda pande zote mbili sawasawa. Na kama kabati linaenda mahali pakavu kama Dodoma, mbao zake naziacha muda mrefu zaidi, maana mbao iliyotulia kwenye unyevunyevu ikifika kule inaendelea kusinyaa.

Raha yenyewe iko kwenye milango. Kuna kabati nilimtengenezea shemeji yangu, milango miwili, paneli zote zimetoka kwenye ubao mmoja wa mgrevilea. Unauchana, unafungua vipande viwili ubavu kwa ubavu, madoa ya kushoto yanajibu madoa ya kulia mpaka kwenye jicho dogo lililokuwa karibu na ukingo, na bledi nyembamba ndo inasaidia hapo, ukipoteza milimita 3 katikati madoa yanaanza kutofautiana. Sikiliza kitu kimoja ambacho hutaambiwa mapema, ukipaka varnishi, paneli moja itaonekana nyeusi na nyingine imeng'aa, ukihama upande wa pili wa chumba zinabadilishana. Siyo rangi, ni zile nyuzi, kwenye paneli moja zinapanda kuja kwako na kwenye nyingine zinakwenda mbali, mwanga unarudi tofauti. Shemeji alinipigia simu akasema, "Shem, mlango mmoja mbona umefubaa?" nikamwambia asimame dirishani aangalie tena. Saivi namwonyesha mteja kwanza vipande ambavyo sijavipaka kitu, nimevilowesha maji, ananisogezea mwenyewe anavyotaka, ndo nagandisha.

Kuhusu vumbi kuingia mwilini niseme wazi maana mafundi wetu hawalijali. Bendiso inatoa unga mwingi na sehemu yake ni laini sana, inaelea. Unga wa mninga unawasha pua na kifua, wengine wanapata pumu kabisa, na mgrevilea unawasha ngozi ya baadhi ya watu, mikononi na shingoni. Barakoa ile ya kitambaa haitoshi, tafuta ile nene yenye kichujio inayobana usoni. Nimefunga bomba la mashine ya kunyonya chini ya meza pale bledi inapotokea, haichukui vyote, lakini mlango ukiwa wazi na upepo unapita inatosha kwa kibanda. Nguo za kazini haziingii chumbani na mke wangu kwenye hilo hana msamaha, na yuko sahihi.

Nimalizie na miti inayokula bledi. Mtiki una mchanga mdogomdogo ndani ya mti wenyewe, madini ya silika, bledi ya kaboni, ile ya chuma cha kawaida, inayochana mninga mwezi mzima kwenye mtiki inaanza kutoa sembe ndani ya siku chache, hata ule mtiki wa umri mdogo unaokatwa wakati wa kupunguza miti shambani. Kwa mtiki tafuta baimetali, ina meno ya chuma kigumu kilichounganishwa kwenye mgongo laini, ghali mwanzoni ila inadumu, na kabaidi ni bora zaidi ukiweza bei yake. Mvule ni habari nyingine. Mvule unaweza kuwa na jiwe ndani, jiwe kabisa la chokaa, mti unalitengeneza wenyewe kwenye kidonda cha zamani, na nje huoni kitu. Dalili ninayoitegemea ni mti kuwa mweusi kuliko kawaida kwenye sehemu moja, nyuzi zinazunguka pale kana kwamba zinakwepa kitu, basi napiga pale kwa nyundo ndogo na nachomeka msumari mwembamba kwenye ufa wowote ulio karibu. Ukigonga kitu kigumu, ubao huo ukate urefu upite nje ya hapo, usijaribu bahati. Na hata usipokuta kitu, mvule chana kwa bledi ya kaboni iliyokwishatumika nusu, ile ya baimetali ibaki imekunjwa duara tatu kwenye msumari wake ukutani.